Programu Aliyoifundisha Kuona

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti, Bi. Kokushubila Kamugisha, Da Koku wetu, anakabidhi funguo za chumba cha hadubini cha maabara yetu hapa Temeke, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Umri wa kustaafu haujamfikia. Macho ndiyo yamemtangulia.

Alianza kwa kusoma slaidi za malaria, macho kwenye hadubini, mdomo ukimtania kila anayepita. Mtu wa Bukoba yule, na senene wake, wale panzi wa kukaanga, hakuna aliyethubutu kuwagusa bila ruhusa. Programu za kompyuta za kusoma picha za seli zilipoingia, yeye na Brightson, fundi wetu wa kompyuta, walikaa wakatengeneza ya kwetu. Picha halisi zilikuwa chache, hivyo waliiagiza kompyuta itunge seli za kuigiza za kuifundishia. Zilitoka safi mno. Da Koku akacheka, akataka zitiwe vumbi na madoa ya rangi, maana slaidi zetu ndivyo zilivyo.

Kila asubuhi alishindana na programu kusoma slaidi ileile. Anayeshindwa ananunua chai, na kwa kuwa kompyuta haina mfuko, Brightson ndiye aliyeilipia miaka yote. Mwaka jana Da Koku akaanza kushindwa yeye. Akailaumu programu, akaifumua na kuisuka upya. Ndipo Brightson akagundua kwamba seli zote alizozikosa Da Koku zilikuwa pembeni mwa picha. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Inauma, na hatuna namna nzuri ya kulisema hilo.

Wakati huo vijana wa mapokezi walishaanza kunung'unika kwamba mama siku hizi anaringa, anaamkiwa anapita tu. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuiagiza programu iigize picha moja: slaidi kama anavyoiona yeye sasa. Katikati seli chache, pembeni kote ukungu mzito. Akaibandika mapokezi. Loveness, aliyenung'unika kuliko wote, aliitazama, akalia.

Asante, Da Koku, kwa macho uliyotuachia. Huko kwako Mbezi tunakuombea utulivu, na watu wa kukushika mkono. Siku ukija kututembelea, hatutakuamkia ubavuni. Tutakuja mbele yako, tusimame pale katikati, ndipo tuseme shikamoo.