Kikombe cha Dobi

Kijiwe chetu ni benchi moja lililoegemezwa ukutani, mkabala na kibanda cha dobi kilichofungwa tangu mwezi juzi. Mguu mmoja wa benchi uliungwa na Rula, fundi seremala, ambaye hasemi jambo kabla hajalipima. Yupo Waziri, mlinzi wa lango la benki, anayejua siri zote za serikali isipokuwa lini atapewa viatu vipya vya kazi. Viatu vyake vya zamani navijua mimi, maana ndimi ninayevishona. Anayetuweka pale ni Birika, muuza kahawa, mtu wa maneno machache. Asubuhi hiyo Birika alikuja bila ndoo ya kuoshea vikombe. Alibeba vikombe vya karatasi vilivyopangwa ndani ya nailoni, akatumiminia humo, salamu yenyewe nusu.

Rula alikigeuza chake mkononi.

— Huu ni mti, akasema. Wamekata mti ili mimi ninywe mafunda matatu. Vikombe tutakavyotupa hapa mwaka mzima, mimi nakutolea mlango na fremu yake.

— Mti ni jambo dogo, akasema Waziri. Juzi shemeji yenu kanunua biskuti. Boksi. Ndani ya boksi, nailoni. Ndani ya nailoni, kisahani cha plastiki. Biskuti zenyewe nne. Nimefungua mpaka hamu imeniisha.

Mimi nilijaribu kutetea. Nikawaambia kuosha ni kazi, na tangu binti yangu aanze kumvalisha mwanawe nepi za kutupa, bibi yake mtoto analala usingizi.

— Maji yakimwagika hayazoleki, nikamalizia. Kwa hiyo heri tusiyamwage.

— Methali hiyo umeivalisha kiatu cha kushoto, akasema Rula.

Waziri hakutusubiri. Akatueleza kwamba wenye viwanda vya vikombe ndio hao hao wenye magari ya taka. Wanakuuzia asubuhi, jioni wanakuja kuchukua, kesho wanakuuzia tena kikiwa kimesagwa. Wakimaliza vikombe watafunga maji, wakimaliza maji watafunga hewa, na utavuta pumzi kwa kuchana kona ya pakiti.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema. Ndiyo maana wanaleta vikombe visivyo na ufa. Mwisho tutazaliwa kwenye nailoni, tuzikwe kwenye boksi.

 Sote tulitazama kibanda kilichofungwa. Birika akawa anafuta mdomo wa birika uliokuwa safi tangu mwanzo.

Dobi alikaa mwisho wa benchi miaka kumi na mmoja. Kikombe chake kilikuwa cheupe chenye mstari wa buluu, na kabla ya kunywa alikichungulia ndani kama alivyochungulia kola ya shati, kisha akasema, «Birika, hiki hakijatakata,» hata kiwe kinang'aa vipi. Tangu tumzike, kile cha buluu hatukukiona tena, lakini kila asubuhi Birika alipanga vikombe vinne, akamimina vinne. Cha nne, cha akiba, kilipoa pale mwisho wa benchi. Yeye alikimwaga kwa siri, sisi tukijifanya tunabishana mpira. Kesho yake, vinne tena. Vikombe vya karatasi havikuhusu miti wala serikali. Unachomoa kimoja, unamimina kimoja, na hakuna kinachobaki kikimngoja mtu. Tulilijua hilo wote, na tulipiga kelele zile ili asilazimike kulisema.

Ndipo mwanamke mmoja akaja na funguo mkononi. Alikuwa na paji la uso la Dobi, hakuhitaji kujitambulisha.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu.

Alisema amekuja kufungua kibanda, ataendelea na kazi ya baba yake. Kisha akasema mama yake ameomba kikombe.

— Kiko wapi? akatuuliza.

Birika aliinua kifuniko cha kasha lake la vikombe. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kilikuwemo. Binti alikifunua, akachungulia ndani vilevile kama baba yake. Mashapo ya kahawa yalikuwa yamekauka, yamepasukapasuka.

— Mbona hakijaoshwa?

Waziri hakuwa na siri ya kutoa. Rula alikipima kikombe kwa macho. Mimi nilitafuta methali, hata ya kupotoka, sikuipata.

— Aliacha nusu, Birika akasema mwishowe. Kuna mteja alimwita. Akaniambia nisimwage, anakuja kumalizia.

Binti akaomba maji. Hatukuwa na ndoo. Siku hiyo, katika siku zote, hatukuwa na ndoo. Akavuka barabara, akafungua kibanda, na kutoka kwenye benchi tukasikia maji yakiingia kwenye beseni la baba yake. Alikiosha taratibu sana. Alipotoka alikuwa amekikausha kwa upindo wa gauni lake, akatuaga, akaenda nacho.

Kesho yake Birika alikuja na ndoo. Akatoa vikombe vyetu vya zamani, akapanga vitatu, akamimina vitatu. Hakukosea. Nami niliyekuwa nimejizuia siku zote hizo, nililia pale.