Kiti Hiki Kinabaki Darasani

Mheshimiwa Diwani Kituyi, mgeni wetu wa heshima, Chifu, Mchungaji, wanakamati wa shule, akina baba na akina mama wa Langas, na ninyi watoto wangu mliokaa kwenye nyasi, hamjambo?

Nilipewa karatasi ya kusoma. Inasema Mwalimu Maximilla anastaafu kwa furaha na anaishukuru kamati. Kushukuru nashukuru, na kiti hiki mlichonizawadia ni kizuri kweli. Lakini karatasi iliandikwa kabla Mheshimiwa hajasimama hapa sasa hivi akatangaza kwamba, kuanzia muhula ujao, ile Ijumaa yetu ya akina baba kuja darasani kuongea na watoto wao ni marufuku, eti nasari ni mahali pa akina mama, na mwanamume kupiga gumzo na watoto wadogo ni aibu. Basi karatasi naiweka chini.

Aibu ya nani, jameni?

Mnajua tunavyolea hapa. Msichana anakaa jikoni na mama yake wakichambua mboga, anasikia habari za soko na za kanisa, anauliza, anajibiwa, anakaripiwa, anauliza tena. Akifika kwangu mdomo haunyamazi. Mvulana je? Akianza tu kukimbia anafukuzwa: toka jikoni, wewe ni mwanamume, nenda kwa baba yako! Anaenda. Anamkuta baba na redio yake, na neno analopewa ni moja, "Nyamaza." Halafu mnaniletea kijana huyo mkisema wavulana huchelewa kuongea, ndivyo walivyoumbwa. Nani aliwadanganya?

Ogola, simama watu wakuone. Huyu anafanya kazi katika kiwanda cha nguo. Binti yake Perez aliongea mpaka nikawa namwomba apumue. Mdogo wake, Isaiah, alimaliza muhula mzima kwangu bila neno, na kamati hii hii ikaamua ni bubu, apelekwe shule ya mbali ya watoto wasiosema. Mama yake alilia pale mlangoni. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Ijumaa moja nikamwita Ogola, nikamkalisha kando ya mwanawe.

"Mwalimu," akaniuliza, "mimi nitaongea nini na mtoto? Hayo si ni ya mama yake?"

"Mweleze kazi yako tu."

Akaanza huku anajikuna kichwa: mashine inazunguka hivi, uzi unakatika, unaufunga haraka kabla msimamizi hajaona. Ijumaa baada ya Ijumaa, uzi ule ule. Wenzake wakamcheka njiani, wakamwita Mama Isaiah. Hakuacha. Siku moja mtoto akamshika mkono, akamuuliza, "Baba, na ukikatika tena?"

"Nafunga tena," Ogola akajibu, kisha akatoka nje kufuta macho.

Mheshimiwa, kijana aliyekukaribisha asubuhi hii kwa sauti ile, ukampigia makofi, ukauliza ni mtoto wa nani, ndiye huyo Isaiah. Na jambo lililomfungua mdomo ndilo unalolipiga marufuku.

Najua siku hizi anayemjibu kiongozi huitwa mpinga maendeleo. Niiteni. Nimezeeka nikifundisha watoto kusema. Sitatoka hapa nikiwa bubu mimi.

Tena nakuambia kwa heshima, Mheshimiwa: wewe pia una kijana hapa. Akitaka maji hasemi, hunivuta nguo. Masikio yake ni mazima na akili anayo. Hajazoea tu kuongeleshwa na wewe. Naumia nikimwona.

Kwa hivyo zawadi yenu siendi nayo nyumbani. Kiti hiki kinabaki darasani, na Ijumaa ya kwanza ya muhula kitawekwa kando ya mtoto wako. Njoo umweleze kazi ya udiwani. Usipokuja, Ogola atakikalia, na wenzake watamfuata. Akina baba, mtakuja? Sijasikia! Haya, sasa nimesikia, na Mheshimiwa amesikia.

Asanteni kwa kunisikiliza, hata ninyi wanakamati mnaonipungia mkono niketi. Siketi. Kiti si changu tena.