Nepi Kabla ya Mtoto

Benchi la Suleman ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, kando ya soko la Migori, mbele ya birika lake la kahawa ya tangawizi. Katikati ubao umebonyea, na hapo huachiwa mtu mwenye shida. Asubuhi hiyo alikaa Maranga, mchimba dhahabu wa Macalder, ameshika simu yake kama yai lenye ufa. Kulia kwake alikuwa Mokua, fundi wa redio, tunayemwita Profesa. Kushoto alikuwa Cliff wa bodaboda, jina lake la utani Setilaiti, kwa sababu kwake kila jambo linatoka juu.

— Omera, ndugu zangu, huu mtandao unanifuata, alisema Maranga. Tangu Jumamosi kila nikiufungua naletewa nepi. Nepi, vikofia, beseni la kuogea mtoto!

— Labda mtandao umeona umri wako, jaduong', mzee wetu, Setilaiti akamchokoza. Nepi zinarudi.

— Usicheke. Maranga akashusha sauti. Binti yangu Akoth amelazwa hospitalini Homa Bay, siku zake zimefika. Mimba ya kwanza haikukaa. Hii hatukumwambia mtu. Kwetu hata kitambaa hakinunuliwi mpaka mtoto alie. Sasa nani ameuambia mtandao? Mtoto akitangazwa kabla hajafika, si ataogopa kuja?

Setilaiti akaacha kucheka. Suleman akamwongezea Maranga kahawa bila kuombwa.

— Simu inasikiliza, alisema Profesa. Hata ukinong'ona. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Umewahi kuona simu imevunjika guu? Basi inasikia!

— Kusikiliza ni mambo ya zamani, buda, alisema Setilaiti. Siku hizi zinanusa. Juzi nilibeba samaki wa kukaanga mpaka Rongo. Jioni nikaletewa tangazo la limau.

— Mimi yangu ni ya tochi, alisema Suleman. Haina mtandao.

— Hiyo ndiyo hatari zaidi! alisema Profesa. Inaona gizani!

— Na wale twiga wa mbuga ya Ruma, akaendelea, mnadhani wanakula majani tu? Shingo ile ni mnara.

— Twiga, Profesa?

— Mnara unaotembea! Unapita bonde lote la Lambwe ukikusanya habari.

— Sasa nifanye nini? Maranga akauliza. Hakuwa akicheka hata kidogo.

— Izime, uifunike, alisema Profesa. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakiweka mfukoni!

Suleman akatoa sufuria tupu. Maranga akaizima simu, akaitia ndani, akafunika. Setilaiti akaweka jiwe juu ya kifuniko.

— Maranga, Suleman akauliza taratibu, hiyo Jumamosi ulikuwa ukifanya nini na simu?

— Nilikuwa... naangalia vikofia.

— Wewe mwenyewe?

— Kuangalia si kununua! Mila inakataza mkono, haikatazi jicho. Kulikuwa na kimoja cha manjano, chenye masikio...

Setilaiti alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

— Hiyo haihusiani na twiga, alisema Profesa.

Ndipo Idil, mwenye duka la nguo za watoto ng'ambo ya barabara, akaja mbio, simu ya duka mkononi.

— Mzee Maranga! Mkwe wako amekutafuta mpaka akapiga dukani. Simu yako iko wapi?

Sote tukatazama sufuria.

— Haya, Akoth amejifungua. Mzima kabisa. Na wanalia vizuri.

— Wanalia?

— Mapacha. Mvulana katangulia, msichana kafuata.

— Opiyo na Adongo! Setilaiti akawaita kwa majina ya mapacha, akaruka juu, ubao ukainama, na Profesa akateremka nao mpaka chini, kikombe kikiwa bado mkononi.

Maranga alisimama, akafuta macho kwa kiganja chenye udongo wa Macalder, yakazidi kuwa mekundu. Tukamweleza Idil habari ya mtandao. Akasikiliza yote, pamoja na twiga.

— Sasa huo mtandao unaojua kila kitu, akauliza, ulikuonyesha vikofia viwili?

— Kimoja kimoja tu, alisema Maranga.

— Basi huyu wa pili aliukwepaje?

Profesa, akiwa bado chini, akamtazama Setilaiti. Setilaiti akatazama juu. Suleman akainua birika kutuongezea. Likatoa matone mawili tu.

Maranga hakungoja jibu. Alikuwa ameshavuka barabara, yuko mlangoni mwa duka, anapaza sauti soko zima lisikie:

— Idil! Cha manjano unacho? Chenye masikio? Lete viwili!