Kikombe cha Msumarini

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Kaka Irulappan anakabidhi funguo za stoo ya vifaa vya studio yetu ya filamu hapa Kodambakkam.

Aliingia akiwa mbeba viti, anaondoka akiwa mkuu wa stoo. Ndiye aliyepika sukari ikawa chupa za kuvunjiwa vichwani, na ndiye aliyechonga trekta la mbao nyepesi ambalo shujaa hulirusha kwa mkono mmoja. Mapanga yake ya mpira hayajamkata mtu, ingawa mwigizaji mmoja alizirai alipoyaona.

Tulimtania kwa jambo moja. Chai ya saa nne ikija, sote tulichukua glasi; yeye alitoa mfukoni kikombe chake cha bati. “Haya, mfalme kaja na chombo chake!” tulimwambia. Alicheka tu. Tulidhani anaogopa vijidudu.

Ikaja ile filamu ya kisasi ambamo mtu mmoja anawatwanga arobaini kwenye kibanda cha chai. Irulappan alipanga glasi mezani, kisha akapigilia msumari kwenye ukuta wa nje, akatundika kikombe chake. Mwongozaji, kijana wa mjini, alifoka: “Mzee, hilo bati linaniharibia picha. Litoe, au nenda nalo kwenu!”

“Nitakwenda nalo, bwana. Ila kibanda cha kijijini kwetu hakijakamilika bila hilo. Baba alinywea humo, nje, amechuchumaa. Watu wa tabaka letu hatukuruhusiwa kugusa glasi.”

Miaka yote hiyo hatukujua alikotoka. Alibeba chake ili asije mtu akampa cha kumtenga. Siri hiyo aliitoa mbele ya watu sitini. Niliona haya, na bado naona.

Mwongozaji alikaa chini akaandika upya. Ndiyo maana, trekta likishapaa, shujaa anakitungua kikombe, anakijaza chai, anamnywesha adui yake, mwenye mashamba, nje, akiwa amechuchumaa. Sinemani trekta lilipigiwa miluzi. Kikombe kilipotunguliwa, waliokaa mbele, kwenye viti vya bei ya chini, walisimama wote.

Mimi nakumbuka zaidi kesho yake ya upigaji picha ule. Saa nne, sinia lilipopita, Irulappan alinyoosha mkono akachukua glasi. Hakuna aliyemtania.

Asante, Kaka. Kikombe tumekiacha stooni, kwenye msumari wake, kama ulivyoagiza: asikinywee mtu. Tunakutakia maisha mema, na siku yoyote upite saa nne. Glasi ipo.

Thenmozhi, chumba cha cherehani