Fundi Ebenezeri Nkya na Sakafu ya Wodi ya Wazazi

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Machame na wote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2003, mimi ni Elinipendo, mtoto wa tatu wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Ebenezeri Aikaeli Nkya, mtu ambaye sijui kama kuna aliyewahi kumwona ameketi mpaka chai ikaisha kikombeni.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Machame, akasoma hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1947 hadi 1954, akashuka Moshi mjini kujifunza uashi, na mwaka 1959 akaajiriwa kuwa fundi wa majengo ya serikali, kazi aliyoifanya hadi Juni 1988 alipopunguzwa pamoja na wenzake, ndipo akaanza kuchukua kazi zake mwenyewe, wakati maduka ya mjini yalipokuwa yanaanza kujaa vifaa ambavyo hakuwahi kuvishika.

Tarehe 5 Januari 1963 alifunga ndoa na mama yetu, Eliaichi, wakajaliwa watoto watano, Shedrack, Godlove, mimi, Efraimu na Victoria. Efraimu alizaliwa Julai 1969, katika ule mwezi wa baridi mnaoujua, kwenye chumba cha zahanati ya zamani, sakafu yake saruji tupu juu ya udongo wenye maji, na siku ya nne akafariki kwa homa ya mapafu. Baba hakumtaja tena mbele yetu, lakini tangu hapo kila alipoingia nyumba ngeni alivua viatu na kukanyaga sakafu kwa mguu mtupu, hata ugenini, hata kwa wakwe, na Mama alikuwa anaona aibu.

Mwaka 1997 usharika uliamua kujenga wodi mpya ya wazazi, Baba akapewa usimamizi wa mafundi, na michoro ikaletwa na mhandisi kijana, Yuditha Munisi, ambaye yuko nasi hapa. Alikuwa amechora msingi wa jamvi moja la zege, lililotandazwa chini ya jengo zima, na chini yake mabamba ya povu jeupe la plastiki, ili ubaridi wa ardhi usipande kwa mama na mtoto. Baba aliuliza, "Mwanangu, nyumba nzima ikae juu ya povu?" naye akamjibu, "Shikamoo kwanza, Mzee, halafu nikuonyeshe hesabu," akakaa naye siku mbili akimweleza jinsi uzito unavyotawanyika kwenye jamvi lote, na kwamba povu likiwa zito na gumu linabeba bila shida. Baba akakubali, ila hakutulia.

Mabamba yalipofika alichukua kipande, akakiweka nyuma ya zizi, akakitwisha pipa lililojaa maji, na kwa siku tisa alikuwa anatoka mezani kwenda kulitazama, anarudi, anatoka tena, mpaka Mama akamwambia, "Baba Shedrack, oa hilo pipa basi." Siku ya tisa kipande kilikuwa kimebonyea unene wa kidole.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 21 Juni, siku ya kumwaga zege. Akina mama walishapanga ndoo za maji, mchungaji alishaomba, na Baba akasimama juu ya nondo akasema hakuna zege litakalomwagwa. Kamati ilimfukuza kazi palepale, mbele ya watu wote, na wapo waliosema anataka kuwanyima wake zao wodi. Alikataa kushuka kwenye zile nondo hadi mhandisi alipofika kutoka Moshi. Yuditha alipima bamba kwa mizani ya kahawa, akapima tena. Lilikuwa povu jepesi, la kufungia redio madukani, wala si lile aliloagiza.

"Mzee, nimelipokea mimi, na saini ni yangu," alisema.

Baba akamjibu, "Saini unaweza kuifuta, mwanangu. Zege nitalifutaje?"

Naye Yuditha akageuka akaiambia kamati kosa ni lake, akiwa na miaka ishirini na saba, mwanamke peke yake kati ya wazee kumi na mmoja. Mabamba yaling'olewa, Baba akarudishwa kazini, na kwa wiki saba wawili hao walizunguka wakitafuta mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu vinavyozuia ubaridi, wakayachanganya na saruji kidogo, wakayatwisha mapipa, wakachora upya msingi pamoja. Zege lilimwagwa tarehe 9 Agosti, na ilipofika Julai iliyofuata muuguzi alipima sakafu hiyo akaikuta na joto la nyuzi nne zaidi ya ile ya zamani. Baba aliingia akiwa amevua viatu, akasimama katikati ya vitanda, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia akisema, "Efraimu."

Mwaka 2001 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu, na kila mara aliwaomba wauguzi wamruhusu atembee. Jumapili tarehe 9 mwezi huu aliniita kwa simu nije, nami nikamwambia nina mitihani ya kusimamia Dar es Salaam, nitapanda basi Jumanne. Jumanne saa saba mchana, basi likiwa Same, alifariki, Mama akiwa ameushika mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomlisha Mama na ng'ombe wake, mafundi wenzake, na Mhandisi Yuditha, ambaye alikesha naye wodini kwa zamu ambazo zilikuwa zangu.

Baba, nimefika. Nimechelewa, lakini nimefika. Sasa lala, upumzike kwa amani ya Bwana.