Moto Niliomsingizia Jirani

Mama zangu na dada zangu, nipeni sikio kidogo. Nikikaa chini kabla sijamaliza, sitasimama tena.

Mnajua nyumba yangu ya hapa Koboko iliungua. Mlikuja na masufuria na mikeka, mkalia nami. Lakini chanzo cha moto ule niliwaficha.

Nilikuwa kwenye eda. Mume wangu, askari, aliletwa kutoka kambini ndani ya sanduku lililopigwa misumari, hata uso sikuonyeshwa. Mjane wa eda hajifukizi, sote tunajua. Basi asubuhi moja nikamtamani marehemu wangu hadi nikachanganyikiwa. Nikatia makaa chunguni, nikaweka vijiti vya kufukiza, nikajifunika blanketi. Mnaguna? Guneni tu. Nilitaka kunukia kama mke wa mtu.

Mara hodi. Jirani yangu, mama wa Kilugbara, jina silitaji. Viberiti vilikuwa vimeadimika madukani, naye alikuja kuomba kaa la moto. Nikasukuma chungu chini ya kitanda, nikampa kaa la jikoni juu ya kigae, akaenda. Wifi zangu nao wakafika, nikakaa nao uani na uso wa msiba. Tulipogeuka, paa la nyasi linawaka.

Wakauliza, moto umetoka wapi? Wallahi, ulimi ulinitangulia: "Yule mama alipita hapa na kaa. Alidondosha."

Ndugu zangu, nawaambia, tangu siku ile moto ukimzimikia, hakuna wa kumpa. Akibisha, mnafunga mlango. Anaufuata mbali huko njia ya Dranya, na kaa linamfia njiani. Mpaka leo nikisikia nyasi kavu zinapasuka, natoka nje mbio. Lakini kinachonitesa zaidi ni mgongo wa yule mama, anapita na kigae kitupu.

Tulipojenga upya, alileta mzigo wa nyasi kichwani, akautua, akaondoka. Nikamfuata njiani, nikapiga magoti vumbini.

"Mama, moto ule ulikuwa wangu."

"Najua," akasema. "Siku ile nilisikia harufu ya vijiti vyako. Ningesema, wifi zako wangekufukuza, na nyumba haiko."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi iko na watoto ya kupikia. Sema wewe."

Nikamwapia kwamba nitasema. Mvua zikaja, zikaisha, sikusema. Niliogopa, basi.

Asanteni mlionijengea. Yeye sijui nimshukuru vipi. Nililojifunza ni hili: nyumba ya nyasi mliisimamisha kwa wiki mbili, lakini jina la mtu nililolichoma siwezi kulijenga peke yangu.

Yuko pale nje barazani, kwa kuwa hakuna aliyemsogezea mkeka. Wifi zangu, mkinifukuza nitatoka, vitu vyangu nimeshafunga. Ila kesho asubuhi, tafadhali, mmoja wenu aende kwake akaombe kaa la moto.