Voahangy na Mikono ya Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, poleni na baridi hii ya mji wetu wa Antsirabe, na poleni na msiba. Voahangy ametutoka. Mwalimu Voahangy, aliyewafundisha wauguzi wetu kukanda wagonjwa, ametutoka. Sauti yangu ikikatika, mnivumilie.

Alikuwa na ulimi, Voahangy. Mwanafunzi akiminya kwa nguvu, anamuuliza, "We, unakanda mgonjwa au unga wa maandazi?" Darasa linaangua kicheko. Kisha anarudia neno lake lile lile: kabla ya kukanda, tazama miguu yote miwili. Mmoja ukiwa umevimba na una moto, ondoa mikono. Mwite daktari.

Neno hilo alitoka nalo nyumbani. Mama yake, Bibi Raketaka, alikuwa mkandaji wa mtaa mzima. Siku moja mumewe, Mzee Ralambo, alirudi kutoka shamba la mpunga, mguu mmoja umevimba. Bibi akampaka mafuta ya majani ya ravintsara, akamkanda kwa mapenzi yote. Damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni. Mzee akafa pale pale mkekani. Voahangy, msichana mdogo, ndiye aliyekuwa ameshika chupa ya mafuta.

Tangu hapo Bibi Raketaka hakumkanda mtu. Hata wajukuu wake hakuwakanda. Binti akasomea uuguzi, akawa mwalimu, akadai somo la kukanda liingie chuoni. Wenzake wakamcheka: "Unatuletea uganga darasani?" Akawajibu: "Watu watakandwa tu, mtake msitake. Bora wakandwe na anayejua pa kuachia."

Somo likakubaliwa. Kila mwaka akamwomba mama yake aje awaonyeshe wanafunzi. Kila mwaka Bibi akakataa. "Mikono hii imeua, mwanangu. Niache."

Halafu ikaja saratani. Dawa zilituliza maumivu, lakini miguu ilibaki baridi na usingizi ukamkimbia. Miora, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa akimuuguza nyumbani. Ndiye aliyenisimulia. Alipoleta mafuta ili amkande miguu, Voahangy aliisukuma chupa kwa mama yake.

"Nikande wewe, Mama."

"Siwezi."

"Miora, itazame miguu. Sema kwa sauti, Bibi asikie."

"Iko sawa, Bibi. Hakuna uliovimba, hakuna wenye moto. Na daktari ameruhusu."

"Umesikia, Mama? Haya."

Bibi akakanda. Voahangy akafumba macho. "Hapo hapo," akasema. "Joto limefika." Akalala, na katika usingizi huo akaenda zake, miguu ikiwa bado mikononi mwa mama yake.

Daktari alimweleza Bibi kwamba kilichomuua binti yake ni saratani. Miora alimweleza, akarudia. Mimi jana nilikwenda kuhani. Nikampa mkono, akauficha wake ndani ya shuka lake. "Usiniguse, baba. Nimeua tena." Nilitoka nje nikalia.

Bibi Raketaka, kama redio imewashwa hapo jikoni, nisikilize. Hukumuua. Binti yako hakuwa amelala usingizi kwa siku nyingi, wewe ukampa.

Pole, Bibi. Pole, Miora. Poleni wauguzi wote. Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini ni nani nyumbani mwenu anayebeba kosa la zamani peke yake. Kesho tunamzika Voahangy. Mkifika pale, mpeni Bibi mkono. Akiuficha wake, msiondoke. Kaeni naye mpaka autoe.